Matundu Mawili Chini ya Paa

Wakati wa Mwingereza nilikuwa karani na mkalimani wa Bwana Afya pale Arusha mjini. Bwana Afya ndivyo tulivyomwita mkaguzi wa nyumba, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia majumbani mwa watu na utepe wa kupimia na kutoka akiwa ameacha karatasi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuieleza karatasi hiyo. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na kuomba maji ya kunawa. Watu wa mjini walizungumza Kiswahili, na wa pembezoni, kule migomba inakoanzia, wengi walistarehe zaidi katika Kimeru. Mimi nilivijua vyote pamoja na Kiingereza cha shule ya misheni, kwa hiyo nilijiona nimefika.

Nilikuwa na baiskeli, kaptula mbili za kaki zilizopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata sabuni, na kiburi cha kutosha watu watatu. Hasira zangu zilikuwa karibu. Mtu akiniuliza swali moja mara mbili nilimjibu kama ng'ombe aliyekanyagwa mguu. Lakini nilipenda watu wangu, na hilo nalisema bila kujipamba, kwa sababu ni mapenzi hayo hayo yaliyonitia mashakani.

Sheria za ujenzi zilikuwa katika kijitabu chenye jalada la kijivu, na mimi nilikijua kama katekisimu. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka nje, lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Jiko lijengwe mbali na nyumba ya kulala. Mlango wa nyuma usizibwe na mizigo. Moto usiwashwe sakafuni katika chumba kisicho na bomba la moshi. Halafu kilikuja kifungu kimoja kilichokuwa kikinichekesha kila nikikisoma: zaidi ya dirisha, kila chumba kiwe na matundu mawili ya hewa, juu ukutani, chini kidogo ya paa, yasiyo na kifuniko, nayo yabaki wazi mchana na usiku, masika na kiangazi.

Nilisema moyoni kwamba aliyeandika hayo hajawahi kulala Meru mwezi wa saba. Ukungu unashuka kutoka msituni, unakaa juu ya kahawa kama mgeni asiyeaga, na watu wanavaa blanketi mpaka saa nne asubuhi. Umwambie mtu wa namna hiyo atoboe ukuta wake mpya mara mbili, makusudi, kisha asiyazibe? Ningeonekana nimerukwa na akili.

Basi nikawa nakiruka. Nikifika hapo nilifunga kijitabu, nikasema, "Ni hayo tu." Wala hicho hakikuwa kifungu pekee nilichokichezea. Siku moja tuliingia duka la Mhindi mmoja mjini, magunia yamejaa mpaka mlango wa nyuma, mafuta ya taa karibu na pamba. Bwana Afya alifoka kwa Kiingereza kwamba lile si duka bali ni mtego, na kwamba moto ukizuka, mwenye duka atakufa kifo cha kijinga. Mimi nikamgeukia mwenye duka kwa Kiswahili changu kizuri: "Bwana anasifu bidhaa zako, ila anaomba magunia yasogezwe kidogo ili wateja wapite." Mhindi akatabasamu, akaita vijana wake, magunia yakasogezwa pale pale. Bwana Afya akashangaa jinsi mtu yule anavyopokea karipio kwa adabu. Wakapeana mikono. Nikatoka nje nikipiga mluzi, nikiamini kuwa nina kipaji.

Nieleze pia jambo moja, ili nisionekane kuwa mtu wa kudharau sheria zote. Nilipokuwa mdogo niliona nyumba ya jirani yetu ikiungua. Ilikuwa nyumba ya nyasi, moto wa mafiga katikati, ndama upande mmoja, watu upande mwingine. Cheche iliruka ikashika nyasi kavu za ndani, na kabla baba hajafika na kibuyu cha maji paa lilikuwa limeshaanguka. Watu walitoka wazima. Ndama hawakutoka, na sauti yao ninaisikia mpaka leo. Kwa hiyo vifungu vya moto nilivisoma kwa sauti kubwa, tena nilivirudia. Moto niliuamini. Hewa sikuiamini, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona hewa ikiua mtu.

Dada yangu, anayenifuata, aliolewa katika ukoo uliokuwa na kihamba, shamba la urithi la kahawa na migomba, juu kidogo ya mji. Mpaka wa mji uliposogezwa, kihamba kile kikaangukia ndani, na sheria zikakifuata. Mume wake alikuwa seremala katika shamba la Mzungu upande wa Nduruma, akirudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Nyumbani alibaki dada na mama mkwe wake, mjane mwenye maneno machache na mikono mikubwa, aliyenipenda kama mwanawe. Mama yule alikuwa na nyumba ya zamani ya nyasi, aliyoingizwa akiwa bibi harusi. Ndani mlikuwa na mafiga katikati, ndama wawili, na mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moto ili moshi uyalinde na wadudu.

Bwana Afya alileta notisi. Nyumba ya nyasi iondoke, na badala yake ijengwe nyumba ya bati yenye vyumba viwili, jiko nje. Mama alinisikiliza nikimsomea kwa Kimeru, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, kama wewe unasema ni sawa, basi ni sawa." Sikujua wakati huo uzito wa maneno yale.

Nyumba ikajengwa kando ya ile ya zamani, ambayo ilikuwa bado inangoja kubomolewa. Shemeji alifanya milango na madirisha mwenyewe, ya vioo, yanayofunga vizuri hata unyasi usipite. Sakafu ikawa ya saruji. Fundi alifuata mchoro wa Bwana Afya, akaacha matundu mawili katika kila chumba, juu kabisa, kila moja la kiasi cha kupitisha ngumi mbili. Mama aliyatazama kwa muda akiwa ameshika kiuno.

"Haya ya nini?" aliniuliza. "Ndege waingie?"

"Ni ya Bwana, mama," nilimjibu. "Akija kukagua ayaone. Akishaondoka..." Nikamaliza kwa kufumba jicho moja.

Akacheka. Kila nikikumbuka siku ile nauona mkono wake mdomoni, anacheka na mimi.

Dada alijifungua mtoto wa kike mwishoni mwa mwezi wa sita. Kwetu mwanamke akishajifungua anaitwa mzazi, na mzazi hatoki nje miezi mitatu. Hafanyi kazi wala haonwi na watu wasiohusika. Analishwa mtori wa ndizi na nyama, maziwa na samli mpaka mashavu yanang'aa, na mama mkwe ndiye anayemtunza. Na moto wake hauzimiki. Baridi ikimwingia mzazi, wanasema, haimtoki tena maisha yake yote. Katika nyumba ya zamani jambo hilo halikuwa na matatizo, mafiga yalikuwa pale pale karibu na kitanda. Lakini dada alijifungulia nyumba mpya, ile ya sheria, ambamo moto wa sakafuni umekatazwa.

Mama akatuma mtu aniambie nipite. Nilifika na baiskeli yangu, nikamkuta uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nina shida na hicho kitabu chako." Akaweka kisu chini. "Mzazi anataka moto. Kuni siwezi kuwasha mle, umenikataza. Nimpe jiko la makaa? Lile la bati, analouza fundi wa sokoni? Sheria inasemaje?"

Nilifikiri kama hakimu. Nilikunja mguu, nikatazama mawinguni, nikapitia vifungu vyote vya moto kichwani. Makaa hayana ndimi wala cheche, wala moshi. Sakafu ni saruji, na bati haliungui. Kitabu kilikataza moto wa sakafuni usio na bomba la moshi. Jiko la bati lina miguu, haligusi sakafu, na moshi hautoki. Ile nyumba isingeweza kuungua hata mtu angetaka.

"Inaruhusiwa," nilisema.

"Una hakika?"

Hapo hasira yangu ikapanda kidogo, maana ameniuliza mara ya pili. "Mama, mimi ndiye ninayekisoma hicho kitabu."

Akaridhika. Nilipokuwa nikiondoka niliinua macho nikaona matundu ya chumba cha dada yameshazibwa na majani makavu ya mgomba, yamekunjwa na kusokomezwa kwa ustadi. Nilifurahi, kusema kweli. Nilisema, dada yangu hatapigwa na baridi.

Wiki tatu hivi baadaye Bwana Afya alisema twende kwenye nyumba ile, akague kwa mara ya mwisho na kusaini cheti. Bila cheti wasingeruhusiwa kuendelea kuishi mle. Ilikuwa saa tatu asubuhi, manyunyu yanashuka, barabara utelezi mtupu. Tuliacha gari lake chini tukapanda kwa miguu kati ya migomba. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono na kanga, tukasalimiana.

Bwana Afya alipima umbali wa jiko kutoka kwenye nyumba, akafurahi. Alikagua chumba cha kwanza, akafurahi. Akaelekea mlango wa chumba cha pili.

"Mle hapana," mama alisema, akisimama mbele ya mlango. "Mna mzazi. Mwanamume mgeni haingii."

Nikatafsiri vizuri, tena nikaongeza maelezo ya mila kwa heshima. Bwana Afya hakuwa mtu mbaya. Alirudi nyuma hatua mbili, akavua kofia. Halafu akazunguka nje ya nyumba na macho yake yakapanda ukutani.

"Kwa nini matundu yale yamezibwa?" aliniuliza.

"Ndege, bwana," nilisema kwa Kiingereza, bila hata kupepesa. "Wanajenga viota. Yatafunguliwa."

"Ndani kuna moto?"

"Hakuna moto, bwana."

Na kwa hesabu zangu sikusema uongo, kwa sababu makaa niliyatoa katika hesabu ya moto zamani. Akaandika kitu katika daftari lake. Akatazama saa. Nilianza kupumua. Nilijua akifika mwisho wa ukurasa atasaini, na dada yangu atakuwa na nyumba, na mimi nitapita pale Jumapili baada ya ibada kula mtori uliobaki.

Mama alituona tunataka kuondoka, akaona si vizuri wageni waende bila neno. Akasema kwa Kimeru, kwa ile sauti ya kusindikiza watu, "Mwambie Bwana asamehe, sijampa hata maziwa. Leo nina kazi. Mzazi anaumwa kichwa tangu alfajiri, ametapika, na mtoto naye ametulia mno, hata kunyonya hataki. Nimewaacha walale."

Sikuona neno lolote la kuficha katika maneno yale. Yalikuwa mazungumzo ya uani tu. Kwa hiyo niliyatafsiri yote, moja baada ya jingine, kama yalivyotoka kinywani mwake: kichwa, kutapika, mtoto ametulia, hataki kunyonya. Katika asubuhi nzima ile, hayo ndiyo maneno pekee niliyoyafikisha bila kuyagusa.

Bwana Afya alisimama. Alinitazama, akatazama majani yale ya mgomba juu ukutani, kisha daftari likamtoka mkononi likaanguka kwenye tope. Alimpita mama kana kwamba hayupo. Alisukuma mlango, ukagoma kwa sababu umejaa unyevu, akaupiga bega ukafunguka.

Nilimfuata nikipiga kelele kwamba haifai, kwamba ni mzazi. Halafu nikaona ndani.

Jiko la bati lilikuwa karibu na kitanda, limejazwa mpaka juu kwa ajili ya baridi ya siku ile, makaa yake mekundu yametulia. Hapakuwa na moshi wala harufu ya maana. Palikuwa na joto zuri, lile la kutamani kulala. Dada yangu alikuwa amelala chali, mashavu mekundu, nikadhani ni samli. Nilimwita. Nilimwita kwa jina la utotoni ambalo sisi wa nyumbani tu ndio tunaolijua. Hakuitika.

Bwana Afya alimnyakua mtoto na blanketi lake akatoka nje mbio. Mimi nilimshika dada kwapani nikamburura, visigino vyake vikipiga kizingiti, nikamlaza kwenye manyunyu juu ya majani. Mama alipiga yowe moja tu, akapiga magoti, akakishika kichwa cha dada mapajani. Bwana Afya alikuwa amepiga magoti upande wa pili, mdomo wake juu ya uso wa mtoto, akipuliza kidogo kidogo kama mtu anayefufua moto wa majani mabichi. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba nilimwomba Mungu, na nilimwomba kwa lugha zote nilizozijua.

Mtoto alikohoa. Akalia kilio chembamba, chenye mikwaruzo, na dada akafungua macho aliposikia kilio kile.

Bwana Afya alirudi ndani, akatoa jiko akalimwaga kwenye tope. Akachukua mpini wa jembe, akayapiga majani ya mgomba kutoka ndani mpaka yakaruka nje, tundu la kwanza, tundu la pili. Kisha akatupeleka hospitali kwa gari lake.

Hospitali waliwaweka siku mbili. Siku ya tatu waliporudi, Bwana Afya alikuja tena, safari hii na uso wa kazi. Tulisimama uani, yeye, mama na mimi. Dada alikuwa amelazwa nyumba ya zamani, ile ya nyasi, kwa sababu mama aliapa kuwa hamrudishi kwenye nyumba ya bati hata Gavana aje.

"Mwulize," aliniambia Bwana Afya, "nani alimwambia kuwa anaweza kuweka makaa katika chumba kilichozibwa. Mwambie jambo hili linaweza kufika mahakamani. Na cheti sisaini."

Nilimgeukia mama. Nilimwuliza kwa Kimeru, nikatafsiri na mahakama na cheti. 

Mama alinitazama. Aliona kila kitu: kazi yangu, baiskeli, mama yangu mzazi ninayemlisha, na aibu yangu. Akamgeukia Bwana Afya akamtazama machoni, akasema, "Mwambie ni mimi. Mimi ni mzee, nilielezwa nikasahau. Huyu mwanangu alinikataza, mimi nikakaidi."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Bwana Afya alikuwa anasubiri. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa ananifanyia mimi kile nilichokuwa nikiwafanyia watu miaka yote ile, ananilainishia maneno ili yasiniumize, na nilihisi jinsi kinavyochoma.

Nikatafsiri. Nilisema kila neno kama alivyolisema, na la kukataza na la kukaidi. Halafu nikaongeza, "Hivyo ndivyo alivyosema, bwana, na si kweli. Aliniuliza mimi mara mbili. Nilimwambia inaruhusiwa. Kifungu cha matundu sijakisoma kwa mtu yeyote mwaka huu mzima. Na ndege hapakuwa na ndege."

Mama hakujua Kiingereza, lakini alinijua mimi. Akaanza kulia kimya kimya, akinikemea kwa Kimeru, "Mjinga wewe, nilikuwa nimekwisha kukuokoa."

Bwana Afya alikaa juu ya kinu cha kutwangia kilichokuwa kimelazwa pale. Nilitegemea matusi. Badala yake aliniuliza ni vitu gani vingine nilivyoruka. Nikamwambia. Nilimweleza hata habari za duka la Mhindi, na jinsi alivyosifu bidhaa. Alitaka kucheka, nikaona mdomo wake, kisha akakumbuka yule mtoto na mdomo ukarudi.

"Sasa," alisema, "mwulize mzazi anahitaji nini. Na unitafsirie yote. Hata yale unayoona ni ya kipuuzi. Zaidi hayo."

Ilituchukua karibu asubuhi nzima. Mama alieleza kuhusu baridi, maziwa, macho ya watu na moto usiozimika, na mimi nilifikisha kila neno, nikitoka jasho kama ninayechimba mtaro. Mwishowe Bwana Afya aliomba, kupitia kwangu, kama anaweza kuiona nyumba ya zamani. Mama akaingia kwanza, akamfunika dada blanketi usoni, kisha akamruhusu. Mzungu yule alijikunja akaingia. Alikohoa, machozi yakamtoka. Akainua kichwa akatazama jinsi moshi unavyopanda na kupotelea ndani ya nyasi, kila mahali, kama mvuke unavyotoka kwenye chungu kilichofunikwa na jani. Nje paa zima lilikuwa linafuka.

"Nyumba hii yote ni matundu," alisema.

Halafu akatazama mafiga, akatazama nyasi kavu juu yake, na nikajua anaona kile nilichokiona utotoni. Tulitoka nje. Akachukua notisi ya kubomoa, akafikiri, akaandika kwamba jengo lile kwa sasa ni ghala la mahindi, nalo litaondolewa miezi miwili na zaidi kidogo kuanzia siku ile. Chini akaongeza masharti: ndama watolewe, madebe mawili ya maji yakae mlangoni wakati wote, mtu mzima asikosekane ndani. Mahindi yale ya mbegu yalikuwa kweli yananing'inia mle, kwa hiyo hakuandika uongo. Nilimtazama nikafikiri, kumbe na yeye ni mkalimani.

Mimi aliniandikia barua ya onyo ikaingia kwenye jalada langu. Pia alinipa adhabu ambayo hakuiandika popote. Kwa wiki tano nilizunguka na baiskeli nyumba zote tulizokagua mwaka ule, nikabisha hodi, nikasema kulikuwa na kifungu kimoja zaidi. Walionicheka walikuwa wengi. Mwalimu mmoja mstaafu alinifukuza akiniita karani wa baridi. Mhindi wa duka, nilipomweleza alichosema Bwana Afya kweli kweli siku ile, alikunja uso, kisha akaninywesha chai ya maziwa na kusema angependa kuambiwa mapema kwamba atakufa. Nilijibu kila swali, hata lililoulizwa mara tatu, na sikufoka. Nilikuwa natazama juu ya kuta zao na kuuona uso wa dada yangu mwekundu.

Miezi mitatu ya mzazi ilipotimia tulikusanyika kihambani. Ilikuwa siku ya jua, mlima umejitokeza wote. Vijana wa ukoo walikuwa wamesimama na panga na kamba, kwa sababu siku hiyo hiyo mzazi akishatoka, nyumba ya nyasi inashushwa, kama ilivyoandikwa. Shemeji alikuwepo. Nyumba ya bati ilikuwa imefagiliwa, cheti kimesainiwa, matundu yake yote wazi, na kila moja shemeji amelitilia wavu wa waya kuzuia ndege, ambao sasa walikuwepo kweli.

Mama alitoka mlangoni na mtoto amefungwa katika kanga mpya. Desturi ilikuwa bibi mwenyewe amtoe mjukuu nje. Alisimama kizingitini, akatutazama sote, kisha akaniita mimi.

"Mjomba wa mtoto, njoo umtoe wewe."

Nilisema sistahili. Nilisema hivyo mbele za watu wote.

"Nimekuuliza kama unastahili?" mama alisema. "Mpokee, mkono unaniuma."

Niliinama chini ya zile nyasi zinazonuka moshi wa miaka yake yote, nikampokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nilitoka naye polepole, nikapita kwenye madebe ya maji, nikapita mbele ya vijana wenye panga, nikavuka uani mpaka nyumba mpya, nikaingia chumba kile. Nilisimama chini ya tundu la kwanza mpaka niliposikia upepo wa Meru ukiingia. Mtoto aliweka kichwa chake begani mwangu, akanipumulia shingoni, na nikasimama pale nikihesabu pumzi zake mpaka dada alipokuja kumchukua.